Dozi ya Presha Haiishi

Siku moja ya kliniki, kabla hatujafungua dirisha la kadi, aliletwa mzee mmoja kwa pikipiki. Alikuwa amekaa katikati, na kijana wake amekaa nyuma akimshika kiunoni asianguke. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi magotini, na ukibonyeza kwa kidole, shimo lilibaki pale pale. Mkewe, aliyefika baadaye kwa miguu, alitueleza kwamba kwa majuma matatu mzee halali kitandani. Analala amekaa, ameegemea gunia la mahindi, kwa sababu akilala chali pumzi inamkata. Majirani walikwisha sema kwamba mzee amekanyaga kitu alichotegewa, na pesa ya mbuzi wawili ilikuwa imekwenda kwa mganga kabla ya kufika kwetu.

Tulipoomba kadi, mama akaitoa katika mfuko wa nailoni, imetunzwa safi kabisa. Ilionyesha kwamba mzee ni mgonjwa wetu wa presha wa miaka mitatu. Mara ya mwisho alionekana miezi kumi na moja iliyopita, na siku hiyo presha yake ilikuwa 130/80. Nzuri sana, hata tuliandika hivyo pembeni.

"Mzee, mbona uliacha kuja?"

"Sikuacha, Sista. Nilipona. Dozi niliimaliza yote."

Alijibu kwa adabu, kama mtu aliyetimiza wajibu wake. Mwezi huu tunataka kuandika juu ya neno hilo moja, dozi, kwa maana tunaamini limekwisha peleka watu wengi wa parokia zetu kaburini, na sisi wauguzi tumechangia.

Tuanze na moyo wenyewe. Moyo ni msuli, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe. Hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja, na mtu akiwa ametulia husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Presha, au shinikizo la damu, ni ile nguvu ambayo damu inasukumia kuta za mishipa. Namba ya juu ni wakati moyo unapojikaza, namba ya chini ni wakati unapolegea kupokea damu nyingine. Kwa mtu mzima tungependa kuona kama 120/80. Ikiwa tumepima zaidi ya siku moja na bado ni 140/90 au zaidi, basi huyo ana ugonjwa wa presha.

Kinachofuata hakionekani kwa macho. Mishipa imekaza, kwa hiyo moyo hauna budi kusukuma kwa nguvu zaidi kila pigo, usiku na mchana. Kama mikono ya mtu anayetwanga kila siku, msuli wa moyo unanenepa. Kwa mkono, msuli mnene ni nguvu; kwa moyo, sivyo. Unakuwa mgumu, haulegei vema kupokea damu, na baada ya miaka hutanuka na kuchoka kama mpira wa manati uliovutwa kupita kiasi. Hapo damu hurundikana nyuma. Ikirundikana kwenye mapafu, mtu hukosa pumzi akilala. Maji yakishuka miguuni, huvimba. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wa mzee wetu: moyo kushindwa kazi. Hakuna aliyemtegea kitu njiani. Wengine presha ile ile huwapasulia mshipa kwenye ubongo wakapata kiharusi, au huwaharibia figo, au macho.

Na yote hayo hukua bila maumivu. Mara kwa mara tunaambiwa, "Sista, mimi presha yangu naijua, ikipanda kichwa kinanigonga." La hasha. Tumepima watu wenye 200/120 waliokuja kwa ajili ya jino. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wazima zaidi ya bilioni moja duniani wana presha, na karibu nusu yao hawajui. Hiyo "presha ya kushuka" inayosemwa sana mitaani mara nyingi si ugonjwa wa kudumu; mtu hajala, amepungukiwa na maji au damu, au ameinuka kwa haraka. Atafutiwe sababu, lakini asijitangazie kwamba yeye ni wa kushuka na kwa hiyo ya kupanda haimhusu.

Turudi kwenye dozi. Kwa miaka mingi tumewafundisha watu wetu neno hili, na tulifanya vema. Dawa ya mseto ya malaria kwa mtu mzima ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu: vidonge 24, usibakize hata kimoja. Dawa za kifua kikuu, miezi sita, kisha unapimwa na kuambiwa umepona. Watu walielewa. Dozi ina mwanzo na mwisho, na aliyeimaliza ni mgonjwa mwema. Halafu siku moja tukamwita mzee huyu, tukampa vidonge vya presha katika kibahasha kile kile, tukaandika juu yake 1 x 1, siku 30, kama tulivyomwandikia vya malaria. Vilipokwisha vya mara ya mwisho, na presha tulikwisha mwambia ni nzuri, akaona amepona. Kwa nini asione hivyo?

Vidonge vya malaria vinaua mdudu. Mdudu akifa, kazi imekwisha. Kidonge cha presha hakiui kitu chochote. Kinalegeza mishipa, au kinatoa chumvi na maji kwa njia ya mkojo, leo. Na kesho nguvu yake inakwisha. Ile 130/80 haikuwa presha ya mzee. Ilikuwa presha ya mzee pamoja na kidonge. Yeye ni fundi wa kuezeka, basi tulimwuliza, "Mzee, masika ikipita na nyumba haikuvuja, mwenye nyumba anang'oa bati kwa kuwa ndani ni pakavu?" Alitutazama, akacheka kidogo, akakohoa. Mengine hatukuhitaji kumweleza.

Wapo wasiotaka hata kuanza. Husema, "Ukianza vidonge hivyo huachi tena maisha yako yote." Hatuwezi kuwadanganya: kwa walio wengi ni kweli. Baadhi ya watu, wakipunguza uzito, chumvi na pombe, na wakitembea au kufanya kazi za mwili, daktari anaweza kuwapunguzia dawa, pengine hata kuwaachisha huku akiwapima. Lakini dawa haimfungi mtu kama pombe inavyomfunga mlevi. Kinachodumu ni ugonjwa, nao unadumu umeze usimeze.

Tena wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa wakubwa, wa watu wenye magari. Basi tuwakumbushe habari ya mkubwa mmoja. Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, alichunguzwa na daktari wa moyo mwezi Machi 1944. Alikutwa na presha ya 186/108 na moyo uliokwisha tanuka. Alipunguziwa chumvi na kazi, akapewa dawa ya kuusaidia moyo, lakini vidonge vya kushusha presha kama tulivyo navyo leo havikuwapo. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kwamba kichwa kinamwuma sana, akazimia. Presha ilikuwa 300/190. Alikufa siku ile ile kwa damu kuvujia ubongoni, akiwa na umri wa miaka 63. Vidonge vya kukojoza vya aina ya thayazaidi, ambavyo leo hukaa katika kopo kwenye rafu ya zahanati, vilianza kutumika mwaka 1958. Rais wa taifa kubwa hakukipata kidonge ambacho mzee wetu alikiacha akidhani amekimaliza.

Sasa tuseme na makosa yetu, ingawa wakubwa wetu huenda wasifurahi. Sisi wauguzi tunagomba. Mgonjwa akichelewa tarehe tunamsema mbele ya foleni nzima, na mwezi unaofuata, akichelewa tena kwa sababu ya palizi au nauli, anaona heri asije kabisa. Aidha, tunamfanya mtu ambaye presha yake imetulia aondoke kwake saa kumi na moja alfajiri, akae benchi hadi saa nane mchana, ili apewe vidonge vya mwezi mmoja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema anayeanza dawa aonwe kila mwezi mpaka presha itulie; ikitulia, aonwe kila baada ya miezi 3 hadi 6. Mahali ambapo dawa zipo za kutosha katika stoo, tunaona hakuna sababu ya kumsumbua mtu kila mwezi.

Na mtu asituambie kwamba wananchi wa vijijini hawawezi kuelewa dawa ya kila siku. ARV zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania mwaka 2004, wapo waliosema vivyo hivyo. Leo wamama wasiojua kusoma wanameza dawa saa ile ile kila siku, miaka na miaka, wanalea wajukuu. Waliweza kwa sababu tulikaa nao tukawaeleza, na kwa sababu dawa hazikuwagharimu. Kwa presha hatukukaa nao. Na wengi wa wagonjwa wetu wa presha hununua vidonge kwa fedha zao, au hutegemea bima ambayo jirani yao hana. Sisi tunadhani hili si haki, na tunalisema. Hata hivyo familia ya mzee huyu ilifanya hesabu yenyewe tukiwa hapo: mbuzi wawili, pikipiki, siku tisa za kulazwa, na kijana kuacha kibarua. Mama alisema, "Hizo ni dawa za miaka mingapi, Sista?"

Tumekuwa tukiwauliza wagonjwa kwa upole siku hizi, kwamba ni lini hasa wanaruka dawa. Majibu yao yametufundisha mengi. Wengi hawamezi Jumapili asubuhi, kwa kuwa wanakwenda kupokea Komunyo. Ndugu zetu, sheria ya Kanisa juu ya kufunga saa moja kabla ya Komunyo inaruhusu maji na dawa. Meza kidonge chako uende Misa. Wakati wa Kwaresima ni vivyo hivyo: kidonge na maji yake havivunji mfungo wa mtu.

Wengine huruka kwa ajili ya misiba. Habari inakuja usiku, mtu anapanda basi la alfajiri na kanga begani, anakaa matanga siku saba, vidonge viko nyumbani juu ya kabati. Tunashauri vidonge vichache vikae siku zote katika mkoba unaosafiri nao. Wale wanaomeza dawa ya kukojoza huiacha siku ya safari wakiogopa aibu ndani ya basi. Tunawaelewa kabisa. Kwa kawaida unaweza kuimeza ukishafika, siku hiyo hiyo, lakini tuulize kwanza, kwa sababu wagonjwa hawafanani.

Kisha kuna pombe. Wanaume wengi wameambiwa kwamba dawa na pombe haviendi pamoja, basi siku ya komoni au ulanzi wanaacha dawa! Tulipokuwa tunasema hayo tulitaka waache pombe. Pombe nyingi hupandisha presha na kuudhoofisha msuli wa moyo. Siku uliyokunywa ndiyo siku moyo wako unahitaji dawa zaidi. Punguza pombe, au iache, lakini kidonge cha presha kimeze.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha ni dawa za maumivu. Mtu amelima, mgongo unamwuma, ananunua diklofenaki au brufeni dukani, anameza wiki nzima. Dawa hizo hupandisha presha, huzuia chumvi na maji mwilini, na kwa moyo uliokwisha choka zinaweza kumrudisha mtu wodini. Muulizeni mhudumu juu ya dawa nyingine. Na tafadhali msigawane vidonge vya presha kati ya mume na mke, au kumpa jirani "ajaribu". Ziko dawa za presha, kama enalapril na losartani, zinazoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayezimeza na anayefikiria kupata mimba, aje atuone mapema. Ikiwa dawa inakuletea kikohozi kikavu, au miguu inavimba kidogo baada ya kuanza amlodipini, usiache kimya kimya. Tuambie, tutabadili.

Juu ya chakula hatutasema mengi, isipokuwa chumvi, na hapa tunasema na wapishi. Mtu mzima anatakiwa apate chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa, kwa siku nzima, katika vyakula vyote. Nyumba ya watu wazima sita, basi, vijiko sita ni kikomo cha siku, na humo mhesabu samaki wa chumvi, vile vidonge vya kuungia mchuzi na chumvi inayonyunyizwa mezani kabla hata mtu hajaonja. Tena magadi. Wengi wetu hulainishia maharage na mboga kwa magadi, na hawajui kwamba yana sodiamu, ile ile iliyomo ndani ya chumvi na inayopandisha presha. Lowekeni maharage usiku, asubuhi yataiva bila magadi.

Hatupendi desturi ya kumpikia mzee peke yake katika kisufuria chake kisicho na chumvi. Wiki ya kwanza atakula, wiki ya pili atanuna, ya tatu atakula kwa jirani. Punguzeni chumvi kwenye chungu cha wote, kidogo kidogo kila wiki. Ulimi huzoea, na watoto watakua hawajazoea chumvi nyingi.

Mwaka jana wamama wa WAWATA wa parokia moja walituomba tuje kupima presha baada ya Misa ya pili. Tulikwenda, tulipima hadi jioni, tukawaandikia watu namba zao kwenye vikaratasi, tukala wali, tukarudi tumefurahi. Ni wangapi kati ya wale wenye presha walikuja hospitalini? Hatujui, kwa kuwa hatukuandika popote. Kupima bila kufuatilia ni kumtia mtu hofu tu. Tungependa safari ijayo kila jumuiya iwe na mtu mmoja, anayeaminika na asiye na mdomo mwepesi, ambaye wenye presha wenyewe wamekubali ajue tarehe zao na kuwakumbusha. Jumuiya zetu zinakumbuka tarehe za michango bila shida yoyote.

Mtu yeyote mwenye maumivu ya kifua yanayobana, au anayekosa pumzi ghafla, au mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki sawa, aletwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Asisubiri siku ya kliniki.

Mzee wetu alikojoa maji mengi kwa dawa ya sindano, akapungua kilo saba kwa siku tisa, na siku ya kuruhusiwa alikuwa amelala kwa mito miwili, bila gunia. Moyo wake haukurudi kama zamani. Tulimwambia ukweli kwamba asipande tena juu ya paa. Sasa kijana wake ndiye anayepanda, na mzee anakaa chini kwenye kigoda akielekeza na kulalamika kwamba misumari inapotea bure. Hajakosa tarehe hata moja.

Alipokuja mara ya pili alisindikizwa na mkewe. Mama alisimama pembeni akishika ile kadi ndani ya nailoni, na tulipokuwa tunamfunga mzee kile kitambaa cha mashine mkononi, akasema, "Sista, kumbe hata mimi sijawahi kupimwa, tangu nizaliwe yule wa mwisho." Yule wa mwisho ndiye kijana wa pikipiki. Tulimkalisha, akapumzika dakika tano, tukapima: 168/100. Tukamwomba arudi baada ya wiki moja. Ilikuwa 166/98.

"Lakini mimi sisikii chochote," alisema.

Mzee alikuwa bado anafunga kifungo cha shati. Alimjibu mkewe kabla yetu, "Ndivyo inavyoanza."